NANI AMELISHIKA LANGO?

(Maneno yaliyosemwa na mwenzetu wa reli mbele ya wanachama, Isiolo. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Sisi ni watu wa reli, na Isiolo haina reli. Njia ya garimoshi ilifika Nanyuki mwaka 1930, ikakomea pale. Mpango mkubwa wa bandari ya Lamu uliozinduliwa mwaka 2012 ulitaja reli ya kupita hapa, lakini hadi leo hakuna taruma hata moja lililolazwa Isiolo. Kwa hiyo tumekuja kwa barabara kama mtu mwingine yeyote, na tulilolileta si biashara ya reli, bali ni shauri la wafanyakazi wote.

Shauri lenyewe ni hili. Kampuni moja ikiwa kubwa hata ikawapita wenzake wote, je, yafaa serikali iingie kati na kuizuia? Au yafaa serikali ikae kando, iache soko liwe huria, kila mtu auze na kununua apendavyo? Katika vibanda vya chai tumesikia majibu mawili. Wa kwanza husema, "Aliyetangulia ametangulia kwa bidii yake, mwacheni ale jasho lake." Wa pili husema, "Kila kampuni kubwa ni mnyonyaji, ivunjwe." Sisi twaona majibu yote mawili yana upungufu, nasi tutaeleza sababu.

Twaanza kwa kusema neno moja wazi, ili mlikumbuke hata mkisahau mengine. Ukubwa si kosa. Kosa ni kulishika lango. Mwenye duka kubwa ambaye bei yake ni nzuri, na jirani zake wanauza bila kuzuiwa, hajamdhulumu mtu. Lakini mwenye duka akisimama njiani na kuwakataza wateja wasifike kwa jirani yake, huyo ameliua soko, hata kama bado analiita huria.

LANGO LA ISIOLO

Watu wa Isiolo hawana haja ya kufundishwa lango ni nini. Mji huu wenyewe ulikuwa lango. Wakati wa ukoloni, nchi ya Kaskazini ilifungwa kwa sheria, na mtu hakuweza kuingia wala kutoka apendavyo bila kibali cha serikali. Ng'ombe nao walikuwa na sheria yao. Mifugo iliyotoka Kaskazini ilipitishwa Isiolo, ikawekwa karantini kwa sababu ya homa ya mapafu ya ng'ombe, ndipo ikaruhusiwa kwenda kusini. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, hatukatai. Lakini karantini ile iliyomlinda ng'ombe wa mlowezi asiambukizwe ilimlinda na mlowezi mwenyewe, asishindane na bei ya mfugaji wa Kaskazini.

Kisha mwaka 1950 serikali iliunda Tume ya Nyama ya Kenya, ambayo ninyi mwaijua kwa herufi zake, KMC. Ilichukua kiwanda cha Athi River kilichokuwa cha kampuni ya Liebig, ikapewa na sheria haki ya peke yake katika uchinjaji wa nyama ya kuuzwa miji mikubwa na ya kupelekwa ng'ambo. Jambo hilo kwa Kiswahili twaliita ukiritimba, yaani mtu mmoja kuwa muuzaji peke yake, au mnunuzi peke yake.

Litazameni kwa macho ya mfugaji. Anao ng'ombe 10. Kiangazi kimekaza na majani yamekwisha. Mnunuzi mkubwa ni mmoja. Mfugaji hawezi kusema, "Bei hii siitaki, nitakwenda kwa mwingine," maana huyo mwingine sheria imemfungia soko la mjini. Mnunuzi aweza kungoja hadi mwezi ujao. Ng'ombe mwenye njaa hawezi kungoja. Basi bei inatoka kinywani mwa mtu mmoja tu, na mwenzake anaitikia. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema aliye peke yake kijijini hangoji hata kusifiwa.

Na ukiritimba ule haukuiponya KMC yenyewe. Ilikuja kufungwa katika miaka ya 1990, ikafunguliwa tena mwaka 2006, na mwaka 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Twataja hayo si kwa kuilaumu serikali ya leo, bali kwa sababu watu wengi wakisikia neno ukiritimba hufikiri juu ya matajiri wa kampuni peke yao. Hapa Isiolo waliolishika lango la mifugo walikuwa watu wa serikali wenye sheria mkononi. Likumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia.

MAFUTA NA RELI YA MAREKANI

Sasa twawaomba mtufuate mbali kidogo, hadi Marekani, maana huko ndiko sheria za namna hii zilikopata nguvu, na reli ilikuwa ndani yake.

Mwaka 1870 John D. Rockefeller na wenzake walianzisha kampuni ya mafuta iitwayo Standard Oil. Baada ya miaka kama 10 hivi, karibu mafuta yote yaliyosafishwa nchini humo yalipita mikononi mwao. Walikuwa hodari wa kazi, hilo halina shaka. Lakini uhodari haukuwa wote. Walikwenda kwa wenye reli wakapatana nao kwa siri: sisi tuna shehena kubwa, tupunguzieni nauli. Mwenye kiwanda kidogo akalipa nauli kamili kwa njia ile ile na behewa lile lile. Hata kama mafuta yake yalikuwa mazuri, yalifika sokoni na bei kubwa. Akauza kiwanda chake kwa Rockefeller, au akafunga.

Ninyi wenye malori na wapakizi mwalielewa jambo hili upesi. Aliyeshindwa hakushindwa sokoni; alishindwa njiani kabla ya kulifika soko.

Serikali ya Marekani ilichukua hatua polepole. Mwaka 1887 ilitunga sheria ya kuwalazimisha wenye reli watangaze nauli zao wazi, zionwe na watu wote. Mwaka 1890 ikatunga sheria ya Sherman, ya kukataza mapatano ya kuzuia biashara na kukataza ukiritimba. Na mwezi Mei 1911 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikaamua kwamba Standard Oil igawanywe, ikawa kampuni 34.

Wako waliosema kwamba serikali imeliharibu soko huria. Sisi twauliza: soko lipi? Soko ambalo mtu mmoja analipa nauli ya siri na mwingine analipa ya wazi halikuwa huria hata kidogo. Serikali haikuliharibu, ilijaribu kulirudisha.

WAKALA WA SIMU

Tuirudie Kenya, tena tulitazame jambo mlilo nalo mfukoni.

Kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa mwezi Machi 2007. Hatutaki kuidharau kazi hiyo. Kabla yake, mfanyakazi wa Nairobi aliyetaka kumpelekea mama yake pesa Merti au Garba Tulla alimpa dereva bahasha, akamwomba Mungu. Leo mfugaji anauza mbuzi sokoni, na pesa zinaingia kwenye simu kabla vumbi la mbuzi halijatulia. Waliobuni jambo hilo walistahili faida yao.

Lakini tazameni lango lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye kibanda cha wakala. Mkataba ulimkataza wakala wa M-Pesa asifanye kazi hiyo hiyo kwa kampuni nyingine ya simu. Katika Nairobi pengine mtu asione ubaya, maana vibanda ni vingi. Lakini fikirini mji mdogo wenye maduka mawili matatu tu yenye fedha taslimu ya kutosha kila siku. Maduka hayo yakishafungwa kwa mkataba, kampuni nyingine itaweka wapi wakala wake? Hata kama ada yake ni nusu, mteja atatolea wapi pesa?

Kampuni ya Airtel ilipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mamlaka hiyo imewekwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, ambayo ilianza kufanya kazi mwaka 2011. Sheria hiyo yasema kampuni inayoshika nusu ya soko au zaidi ni kampuni yenye nguvu kuu. Kuwa na nguvu kuu hakukatazwi. Kinachokatazwa ni kuitumia vibaya nguvu hiyo. Mwezi Julai 2014 jambo likamalizika: kifungu cha kumfunga wakala kikaondolewa, na wakala akawa huru kuweka mabango mawili au matatu juu ya kibanda kimoja.

Angalieni vizuri lililotendeka na ambalo halikutendeka. Kampuni haikuvunjwa. Haikunyang'anywa mnara wala mteja hata mmoja. Kilichoondolewa ni komeo la lango, basi.

Baadaye yakafuata mengine. Mwaka 2016 Mamlaka iliamuru kwamba mteja aonyeshwe ada kwenye simu yake kabla ya kukubali kutuma pesa, asije akaijua baada ya kukatwa. Mwaona kwamba ni jambo lile lile la nauli za reli za mwaka 1887: bei itangazwe wazi. Na mwaka 2018 kampuni za simu zilianza kupokezana pesa moja kwa moja, mteja wa huku akamtumia mteja wa kule.

Je, M-Pesa ilianguka? La. Kwa miaka mingi baada ya hapo iliendelea kushika sehemu kubwa kabisa ya biashara hiyo. Hapo twapata mafundisho mawili. La kwanza, kufungua lango si kumwangusha mkubwa. Mkubwa aliye hodari atabaki mkubwa, na wateja wake hawakuibiwa kitu. La pili, lango likikaa limefungwa miaka 7, wengi waliotaka kuingia huwa wamekwisha kurudi nyumbani. Sheria inayofika imechelewa hufungua mlango wa nyumba isiyo na watu.

Liko na la tatu, nalo ni zito. Mwaka ule wa 2014 serikali yenyewe ilikuwa na asilimia 35 ya hisa za Safaricom. Faida ya kampuni ilikuwa pia mapato ya serikali. Mwamuzi wa mchezo alikuwa na jezi ya timu moja chini ya koti lake. Wakubwa wa Mamlaka wakakata shauri juu ya kampuni hiyo hata hivyo, na yafaa wasifiwe kwa hilo. Lakini sisi wafanyakazi tusitegemee uungwana wa watu peke yake. Ndiyo maana yafaa Mamlaka ya namna hii iwe na uhuru wake, fedha zake, na kazi yake isomwe na watu.

WANAOPATANA GIZANI

Kuna lango la namna nyingine, ambalo halishikwi na mkubwa mmoja bali na wengi waliopatana. Mchana wanashindana, usiku wanakunywa chai pamoja na kupanga bei.

Mwezi Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani iliyatoza faini makampuni 9 ya chuma, jumla yake shilingi milioni 338.8. Ilisema kwamba walipatana juu ya bei ya bidhaa zao na juu ya kuzuia vyuma fulani visiletwe kutoka nje. Ndugu, chuma si jambo la matajiri peke yao. Chuma ni nondo ya nyumba yako, ni mlango wa duka, ni darasa la mtoto. Mfanyakazi aliyeweka akiba miaka 5 apate kujenga vyumba viwili, bei ikipangwa gizani atajenga kimoja. Hakuibiwa na mtu aliyemwona. Hakuna polisi angeweza kumpelekea habari. Chumba kile cha pili kilipotea tu.

Sheria yasema mtu anayefanya mapatano kama hayo aweza kufungwa jela hadi miaka 5, au kutozwa hadi shilingi milioni 10, au yote mawili. Kampuni nayo yaweza kutozwa hadi sehemu 10 kwa 100 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia. Na aliyetozwa anayo haki ya kukata rufani mbele ya Baraza la Ushindani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: mkubwa naye asikilizwe.

Tena kuna yule anayelishika lango kwa upande wa kununua. Desemba 2023 Mamlaka iliamua juu ya kampuni inayoendesha maduka makubwa ya Carrefour hapa Kenya, ikaitoza zaidi ya shilingi bilioni 1.1, ikisema imewaonea wauzaji wawili waliokuwa wakiiletea bidhaa, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Muuzaji mdogo akitaka bidhaa yake ionekane na watu wengi, hana budi kuingia duka kubwa. Na mwenye duka kubwa akisema, "Nipunguzie tena, nilipe tena," atakataaje? Hilo ni jambo la mfugaji na mnunuzi wa ng'ombe 10, isipokuwa sasa limevaa nguo za mjini.

JE, NA RELI?

Twajua kuna mtu amekaa nyuma anayesema moyoni, "Hawa watu wa reli wanasema vizuri juu ya wengine, na wao je?" Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikimbia.

Reli ya nchi hii ililelewa na ukiritimba. Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuyawekea mipaka magari ya kubeba mizigo, ili lori lisiinyang'anye reli shehena yake. Na mwezi Agosti 2019, baada ya reli mpya ya Mombasa na Nairobi kuanza kazi, wakuu wa bandari na wa kodi walitoa amri kwamba mizigo iliyotoka ng'ambo kwenda Nairobi na mbele yake ipelekwe kwa reli hiyo. Madereva, matandiboi, wenye gereji na akina mama wapishi wa Mariakani, Voi na Mtito Andei waliona kazi zao zikiondoka. Mwezi Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba amri ile haikufuata Katiba. Na mwezi Septemba 2022, Rais mpya alipoapishwa, akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo bandarini irudi Mombasa.

Sisi watu wa reli tuseme nini? Ni rahisi kusema, "Amri ile ilitupa kazi, basi ilikuwa njema." Lakini mkate wa amri una hatari yake. Mzigo ulioletwa kwako kwa amri waweza kuondolewa kwa amri, asubuhi moja, kwa hotuba moja. Mzigo uliokuja kwa sababu reli ni nafuu, behewa linafika kwa wakati, na shehena haipotei njiani, huo hauondolewi kwa hotuba. Tena dereva wa lori si adui yetu. Ni mfanyakazi kama sisi, naye ana watoto kama sisi. Chama kisichomtetea mfanyakazi isipokuwa yule avaaye sare yake, hicho ni kikundi cha watu wa zizi moja tu.

Kwa hiyo twasema: reli ipewe injini nzima, njia nzima, na mishahara inayolipwa kwa wakati, kisha iachwe ishindane na barabara, na lori nalo lilipe sawasawa gharama ya barabara linayoiharibu. Hilo ndilo soko huria tunalolitaka. Hatuombi lango letu lifungwe kwa ajili yetu huku tukilia juu ya malango ya wengine.

JE, CHAMA CHETU NI UKIRITIMBA?

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo hasa limetuleta. Kuna wenye kampuni wasemao hivi: "Ikiwa sheria inatukataza sisi wenye viwanda tusipatane juu ya bei ya chuma, kwa nini wafanyakazi waruhusiwe kupatana juu ya bei ya kazi? Chama cha wafanyakazi nacho ni ukiritimba." Neno hilo linaingia masikioni vizuri, na mfanyakazi asiyekuwa tayari aweza kukosa jibu. Hapana budi tuwe nalo jibu.

Kwanza, jueni kwamba jambo hili si la maneno matupu. Sheria ile ya Sherman, iliyotungwa kuwazuia wakubwa, iligeuzwa ikawapiga wafanyakazi. Katika mji wa Danbury palikuwa na watengeneza kofia walioingia katika mgogoro na mwajiri, na chama chao kikawaomba watu wasinunue kofia zake. Mwaka 1908 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikasema kwamba jambo hilo ni kuzuia biashara. Wanachama mmoja mmoja wakadaiwa fidia, hata akiba zao za benki na nyumba zao zikashikwa kwa ajili ya deni hilo. Vyama vikapigania jambo hili mpaka mwaka 1914 ikatungwa sheria ya Clayton, iliyosema wazi kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Na mwaka 1944, katika mkutano wa Philadelphia, Shirika la Kazi la Kimataifa likaliweka jambo hilo kuwa msingi wake.

Nasi tuna historia yetu. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1947, kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa akahamishiwa mbali. Makhan Singh alikamatwa mwaka 1950, akazuiliwa huku kwenu Kaskazini, Lokitaung, Maralal na Dol Dol, hadi mwaka 1961. Tazameni ule mwaka 1950. Ni mwaka ule ule serikali ilipompa mnunuzi mmoja wa nyama haki ya peke yake. Mapatano ya wakubwa yaliitwa mpango wa biashara. Mapatano ya wafanyakazi yaliitwa fujo.

Pili, jibu lenyewe ni hili. Muuza chuma akikosa bei aipendayo leo, huweka chuma chake bohari, akauza mwezi ujao. Kazi haiwekwi bohari. Siku ya leo usipoiuza, imekwisha, na jioni watoto wanataka kula. Mfanyakazi mmoja mbele ya mwajiri mkubwa ni yule yule mfugaji wa kiangazi: mwenzake aweza kungoja, yeye hawezi. Tena waajiri wengine wako peke yao. Seremala akikosana na tajiri wake huenda kwa mwingine. Fundi wa breki za garimoshi ataenda wapi? Basi wafanyakazi wanapoungana hawalifungi lango. Wanajaribu kusimama wima mbele ya lango lililokwisha kushikwa.

Na hilo si maoni yetu tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama, haki ya kugoma, na yakipa chama haki ya kupatana na mwajiri. Mwaka ule ule mmoja nchi hii ilipata Katiba inayolinda umoja wa wafanyakazi na Sheria ya Ushindani inayokataza mapatano ya wakubwa. Vitu hivyo viwili havipigani. Vyote viwili vinamlinda asiyeweza kungoja.

Lakini haki hii ina deni lake. Chama kikianza kuuza nafasi za kazi, au kumfungia nje kijana kwa sababu ya kabila lake, au kupatana na mwajiri kwa siri wanachama wasijue, hapo chama nacho kimelishika lango. Hapa Isiolo wako Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Chama cha wafanyakazi wa Isiolo hakina budi kuwa cha wote, ama si chama.

MAMBO YA KUFANYA

Ndugu, hatukuja kuwaachia maneno tu. Yako mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza. Mtu yeyote aweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani. Si lazima awe kampuni. Mkiona wafanyabiashara wote wa bidhaa moja wamepandisha bei siku moja kwa kiasi kimoja bila sababu, wekeni risiti, andikeni tarehe, mpeni katibu wa tawi. Malalamiko ya mtu mmoja ni manung'uniko. Risiti 50 zenye tarehe ni ushahidi.

La pili. Kampuni mbili zikitaka kuungana, au moja ikitaka kuinunua nyingine, sheria yaitaka Mamlaka itazame pia jambo la ajira. Kwa hiyo mkisikia mwajiri wenu ananunuliwa, msingoje barua ya kuachishwa kazi. Chama kiandike mapema, kieleze ni watu wangapi watapoteza kazi, na kiombe masharti yawekwe. Nafasi hiyo hupita upesi, na asiyeitumia hawezi kulaumu mtu.

La tatu. Tuwe na kipimo kimoja. Mwanasiasa akija hapa kusema anataka soko huria, mwulizeni: lango gani utalifungua? Akija mwingine kusema atawakomesha matajiri, mwulizeni: na lango lililo mkononi mwa serikali, hilo utalifanyaje? Asiyeweza kujibu maswali yote mawili hajaja kwa ajili yenu.

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi, hayo twayajua. Lakini fahali mmoja akibaki peke yake zizini, nyasi haziponi, maana hula apendavyo na hakuna wa kumsukuma. Kazi ya serikali si kumchinja fahali. Kazi yake ni kuhakikisha zizi lina mlango, na mlango haukai chini ya kwato za mmoja.

Hayo ndiyo tuliyokuja nayo. Mwenye swali na aulize sasa, na mwenye risiti ampe katibu kabla ya kuondoka. Umoja ni nguvu.